Miche Iliyoungua

Nyumbani walimwita Kitinda, kwa sababu ndiye aliyekuwa kitindamimba. Alikuwa mwaka wa mwisho wa chuo, akisomea kilimo. Kila asubuhi alimwosha mama yake kitandani na kumpa dawa. Baba yake alikuwa dereva wa lori, siku nyingi yuko safarini. Kitinda akishamaliza, alikimbilia bustani ya chuo kumwagilia miche yake ya nyanya.

Miche hiyo ndiyo ilikuwa mradi wake. Kila mwanafunzi wa mwaka wa mwisho hufanya utafiti, huuandikia ripoti, kisha huutetea mbele ya walimu. Bila hayo hakuna shahada. Kitinda alitaka kujua nyanya zinahitaji samadi kiasi gani.

Kisha mama akazidiwa. Kitinda akahamia naye hospitali, na mwenzake akamsaidia kumwagilia. Aliporudi bustanini alikuta miche yenye samadi imekufa yote. Majani yalikuwa yameungua.

Hakumwambia mtu. Msimamizi wake wa mradi alipopiga simu, hakupokea. Akimwona kwa mbali, alibadili njia.

"Mradi unaendaje, mwanangu?" mama aliuliza kwa sauti ndogo.

"Vizuri, mama."

Siku moja, mama akiwa amerudishwa nyumbani, jirani yao, mkutubi wa chuo, alikuja kumjulia hali mgonjwa. Alimkuta Kitinda sebuleni, anaandika urefu wa miche.

"Mbona unapimia hapa, na miche iko chuoni?"

Kitinda akaanza kulia. "Imekufa, shangazi. Nabuni tu vipimo."

"Huko ni kupika takwimu, mwanangu. Wakigundua, unafukuzwa. Wasipogundua, mkulima atafuata uongo wako na shamba lake litateketea. Mficha uchi hazai. Msimamizi wako si askari. Nenda kamwambie ukweli."

Kesho yake Kitinda alikwenda kwa msimamizi. Msimamizi alimsikiliza, wakafuatana hadi bustanini. Aling'oa mche mmoja, akanusa udongo.

"Samadi ilikuwa mbichi. Imeunguza mizizi," alisema. "Hilo nalo ni jibu. Liandike kama lilivyo, kisha upande tena kwa samadi iliyooza vizuri. Na uombe kuongezewa muda. Mwenye kuuguza huruhusiwa."

"Sikujua kama naweza kuomba, mwalimu."

"Ungejuaje, na simu hupokei?"

Kitinda akaongezewa muda, akapanda upya. Mama yake akafariki kabla miche haijatoa maua. Wenzake walihitimu bila yeye. Kuna asubuhi alizofika bustanini akakaa tu chini, asipime kitu. Lakini alirudi, akapima, akaandika. Kila alipokwama alimwendea msimamizi.

Siku ya kuutetea mradi, mwalimu mmoja alimuuliza, "Kwa nini miche ya kwanza ilikufa?"

"Niliiunguza mwenyewe. Nilitia samadi mbichi. Nimeeleza yote kwenye ripoti, ili mkulima asirudie kosa langu."

Walimu wakatazamana. Maswali yakaendelea, naye akayajibu, maana kazi ilikuwa yake. Akafaulu.

Baba yake alikuwa akimsubiri nje.

"Umepita?"

"Nimepita, baba."

Mzee alimshika mkono. "Mama yako ndiye aliyejua kusema," alisema. "Mimi ninayo hongera tu, mwanangu."

Wakatoka langoni wameshikana mikono. Hakuna aliyeharakisha kufika nyumbani.