Kanga Zisizo na Mwenyewe

Kila siku saa moja asubuhi, Candida alifungua duka lake la kanga pale Kariakoo. Alifagia, akanyunyiza maji mlangoni, akamngoja mteja wa kwanza. Huyo hakuachiwa aondoke mikono mitupu hata akitaka bei ya kutupa. Wafanyabiashara wa pale husema ukimkataa wa kwanza, siku nzima utafukuza inzi.

Mwaka huo Candida aligombea udiwani. Choo cha sokoni kilikuwa kimefungwa miezi minane, na akina mama wauza mboga walishinda wamejibana mpaka jioni. Jambo hilo lilimuuma sana. "Nikipita, naanza na choo," alisema.

Asubuhi moja ya kampeni alikuta robota la kanga mlangoni. Halikuwa na risiti wala jina la mtoaji. Kanga zilikuwa mpya, nyeusi kwa nyekundu, na maneno yake yalisema: TUKO NYUMA YAKO.

Candida aligeuka nyuma. Hapakuwa na mtu.

Mumewe, Rogath, alicheka. "Hiyo ni baraka ya asubuhi, mke wangu. Inakataliwa? Wagawie akina mama wavae mkutanoni."

Candida akaliingiza ndani.

Kesho yake alikuta robota la pili. TUNAKUONA. Mlinzi wa jengo aliapa hakuona mtu. Siku hiyo Candida aliuza bila raha. Kila mteja aliyemtazama sana alimtia hofu.

Siku ya tatu mlangoni hapakuwa na kitu. Alishusha pumzi, akafungua kufuli. Robota la tatu lilikuwa ndani, juu ya kiti chake. USITUSAHAU.

Alirudi mlangoni kukagua. Kufuli haikuwa na hata mkwaruzo.

Alikimbilia kwa jirani yake Zamda, fundi cherehani anayepinda kanga za wateja. Zamda aliwahi kumtunzia mgombea mmoja kumbukumbu za kampeni, na alifundishwa sheria zake.

"Shikamoo, bi Zamda."

"Marahaba, mama Tarsis. Mbona umepauka? Umeona jini?"

"Afadhali jini, angejitaja."

Zamda alisikiliza mpaka mwisho. Mguu wake uliacha kukanyaga cherehani.

"Umeshagawa hata moja?"

"Bado."

"Mungu anakupenda. Sikia. Kuchangia kampeni si kosa, hata mimi nitakuchangia. Lakini mchango una mwenyewe. Unamjua aliyetoa, unaandika jina lake, alichotoa na thamani yake. Kisha unaueleza kwenye taarifa yako ya gharama za uchaguzi."

"Lakini hizi si pesa."

"Kanga, mafuta ya gari, spika, vyote ni mchango."

"Na nikiwagawia akina mama?"

"Hapo umewahonga wapiga kura. Sheria inakataza. Hata ukishinda, unaweza kunyang'anywa ushindi."

Candida alijitetea kwa sauti ndogo. "Kitu cha kwanza cha asubuhi, bi Zamda. Ningekikataaje?"

"Hiyo ni mila ya mteja. Mteja anakuonyesha uso wake. Huyu kakuonyesha nini?"

Candida aliona aibu, kisha hasira. Aliwafikiria wale akina mama na choo chao. Kumbe kuna mtu aliyetaka kumnunua kimyakimya, na yeye alikuwa anampokelea mzigo!

Waliandika barua pale pale: siku, idadi ya kanga, maneno yake, mahali zilipokutwa. Nakala moja ilikwenda kwenye chama chake. Nyingine ilikwenda Takukuru, taasisi ya kupambana na rushwa, pamoja na marobota yote. Rogath aliyabeba mwenyewe, safari hii bila kucheka. Walirudi na nakala iliyopigwa mhuri, wakanunua kufuli mpya.

Zamda naye alileta bendera ya kampeni aliyoishona kwa mkono wake. "Niandike," aliamuru. "Zamda, fundi, bendera moja. Na thamani yake, usinipunje."

Candida alishinda.

Wiki moja baada ya kuapishwa, mwanamume asiyemjua aliingia dukani, akakaa bila kukaribishwa.

"Hongera, mheshimiwa. Pale penye choo tunataka kujenga maduka. Sisi hatukukusahau, nawe usitusahau."

Alikuwa akizungusha ufunguo kidoleni. Candida aliutambua mara moja. Ulikuwa pacha wa ufunguo wa kufuli yake ya zamani. Alifungua droo ya meza. Akatoa barua yenye mhuri.

"Kanga zako ziko Takukuru, kaka. Nenda ukaseme ni zako."

Yule mtu alisoma barua taratibu. Tabasamu lake likafutika. Akainuka.

"Na ufunguo uache," Candida akasema. "Kufuli nilishabadilisha, lakini uache."

Akauweka mezani, akatoka bila kuaga.

Choo cha sokoni kilifunguliwa mwezi uliofuata. Zile kanga, mpaka leo hakuna aliyekwenda kuzidai.