Kuika ya Valdemir

Kitambaa kilikuwa kimelowa. Jandira alikigusa tena, akidhani jasho ni la mkono wake, lakini maji yalimchuruzika hadi kiwikoni. Kuika ya Valdemir, marehemu mumewe, ngoma yenye kijiti ndani kinachosuguliwa kwa kitambaa kibichi mpaka ilie, ilikuwa imetundikwa kwenye ukuta wa baa ya Everaldo tangu siku ya mazishi. Miezi mitano! Nani alikuwa akikilowesha?

Hasira zikampanda. Hakuja mtaa huu wa Madureira kula feijoada, maharage yao ya nyama. Alikuja kuichukua ngoma, maana kila alipolala, Valdemir alimjia ndotoni mikono mitupu, akilia bila sauti, na hatapumzika mpaka arudishiwe.

"Everaldo, nipe kuika ya mume wangu."

"Dada, kula kwanza. Maharage ya leo si mchezo."

"Sitaki maharage yako! Miaka ishirini na sita amekupigia hapa, leo umemfanya pambo?"

"Ni mali ya baa hiyo. Watu wanapiga nayo picha." Everaldo aliwachekea wateja. "Marehemu mwenyewe anafurahi huko aliko."

Jandira alitamani kummwagia sufuria zima usoni, mshenzi yule.

Wapigaji waliizunguka meza yao, samba ikaanza, watu wakasimama kucheza. Mara Nilton, mpiga tari, akamwinamia Jandira.

"Shemeji, unasikia? Nani anapiga kuika? Sisi mezani hatuna."

Alisikia. Ulikuwa mlio wa kuika wa Valdemir, wa kupanda, kukatika na kupanda tena, na pamoja nao ikaja harufu ya tumbaku yake, nzito, ikapita juu ya sahani na vichwa vya watu mpaka waliokuwa wakicheza wakaacha mmoja mmoja, na Everaldo, jasho likimtoka, akaurukia ukuta, akaing'oa kuika na kumtupia Jandira kifuani.

"Chukua uchafu wako!"

Ngoma ilikuwa baridi, kimya, kitambaa kikavu kabisa. Lakini kilio hakikukoma. Kilitoka kooni mwa Everaldo, aliyejishika shingo kwa mikono miwili, kinywa wazi, akilia kwa mapigo ya samba ileile, akapiga magoti na kuing'ang'ania sketi ya Jandira huku macho yakimsihi amwombee, kwa sababu kila mtu pale alijua Valdemir hakuwahi kumkatalia mkewe jambo.

Jandira akaivuta sketi yake.

"Si ulisema marehemu anafurahi?"

Akaikumbatia ngoma, akatoka.