Ubeti Mmoja wa Kuwasha Injini

Eh, umeuliza vizuri, Kalunde. Mama yako akibonyeza swichi ya injini huimba kidogo akingoja. Huo wimbo nilianzisha mimi babu yako, na shule niliachia darasa la pili.

Unajua hapa Kilungu maji iko bondeni na watu wako juu. Mwaka wa themanini na tano tulikuwa na injini ya dizeli ya kupandisha maji mpaka tangi ya kanisa, na mimi ndiye mtunzaji. Sasa, injini kama ile ikiwa baridi haiwaki, lazima ipashwe moto kwanza. Fundi mmoja akatufungia kasanduku ukutani. Unabonyeza, kanapasha moto, kanangoja, halafu kenyewe kanafanya tak! na injini inazunguka. Hata kuzima ni hivyo: kanafunga dizeli na kushikilia mpaka gurudumu kubwa lisimame kabisa. Mbeleni nilishikilia na mkono. Nikiachilia mapema, injini inafufuka, watu wanacheka!

Saa sikuwa nayo. Huo muda wa kungoja nilipima na wimbo wa kanisa. Ubeti mmoja, pole pole, halafu tak.

Mama yako Nzilani alikuwa na miaka kumi na mbili. Kila asubuhi aliniwashia injini kabla ya shule, na kila asubuhi alilalamika.

"Baba, hii kitu inalala! Nitachelewa gwaride."

"Wacha ilale, mama. Iko na sababu."

Ijumaa moja ya Julai, ile baridi ya ukungu, akarudi nyumbani mbio. "Baba, injini imekataa na betri imekufa. Mimi sijagusa kitu." Nikaamini.

Jumamosi, wanawake walikuwa wamejaa hapo na punda na mitungi mitupu. Susu yako Syokau, mke wangu, alikuwa na muthokoi kavu kwa sufuria, yale mahindi ya kukobolewa, maji ya kupikia hana. Fundi mwingine tuliyemwita, Gachanja, akafika na pikapu kutoka Mtito Andei, Mkikuyu aliyehamia huko kutengeneza malori. Akafunga betri yake. Injini ikazunguka, ikazunguka, haikuwaka.

"Mzee Mutunga, hii nafungua yote niende nayo," akasema. "Siku nne."

Siku nne bila maji! Musembi wa kamati ya maji akanigeukia. "Si nilisema? Mtu hajui kusoma, mnampa injini. Kazi apewe mwingine."

Hapo ndipo Nzilani akapita katikati ya punda, machozi yanamtoka.

"Si baba. Ni mimi niligeuza ile skurubu ya muda kwa sanduku, isinicheleweshe. Halafu nikadanganya."

Nilikasirika, sitakuficha. Lakini Gachanja alikuwa ameshafungua kasanduku.

"Kumbe! Inazungusha injini kabla haijapata moto. Ilikuwa inangoja muda gani? Namba zimefutika."

"Ubeti mmoja," nikasema.

"Ubeti wa nini, mzee?"

Akabonyeza swichi, nikaimba. Wanawake wakadakia, wakakimbia na wimbo. "Pole pole," nikawaambia, "hatuko harusi!" Mara ya kwanza, tak ikaja katikati ya ubeti. Gachanja akageuza skurubu kidogo. Tukaimba tena. Neno la mwisho likaisha, tak! Moshi ukatoka, injini ikanguruma, na Musembi mwenyewe akapiga makofi.

Muthokoi, unajua, hauharakishwi. Siku hiyo hakuna aliyelalamika kungoja. Gachanja nilimkataza kuondoka bila kula, na Musembi nikamwita pia. Nzilani akawanawisha wageni mikono, macho chini.

"Msichana," Gachanja akamwambia, "kale kasanduku kanangoja kwa sababu injini inahitaji. Kazi ina muda wake, ukiuiba unaulipa na siku nne. Lakini asante. Ungenyamaza, ningefungua injini nzima bure, na baba yako angepoteza kazi. Ukikosea, sema mapema."

"Asante, fundi," akasema. Akanigeukia. "Nisamehe, baba."

"Nimekusamehe, mama. Nashukuru Mungu umesema."

"Mahubiri yametosha," Syokau akasema, "chakula inapoa."

Musembi akasogea kwa benchi, akaacha nafasi. Nzilani akaweka sahani ya mwisho, akaja akakaa karibu na mimi, na sote tukala.