Suruali Tembezi ya Bi Kibibi

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi suruali ilijitoa yenyewe ukutani, ikapiga hatua nne hadi kitandani, ikapiga magoti. Bi Kibibi, ambaye kwa miaka sabini na tisa hakuwahi kuvaa suruali hata siku moja, alinyoosha miguu, akavalishwa. Nyuzi za chuma laini zikaikumbatia nyonga aliyoivunja bafuni, zikambana mapaja na magoti, zikamsimamisha. Suruali tembezi ilijifunza mwendo wa mtu, kisha ikautembea kwa niaba yake. Hata ile tabia yake ya kuelemea kushoto kidogo, aliyokuwa nayo tangu usichana, ilikuwa imeidaka.

Mkanda wa suruali ukasema, "Kilo sitini na mbili. Hakuna mabadiliko."

"Alhamdulillahi," akajibu Stumai, binti yake.

Siku aliyoanguka, mama alikuwa na kilo hizohizo. Sasa ulikuwa mwezi wa sita na haikupungua hata moja. Stumai aliwaona wazee wengine wa jengo lao, pale Morogoro Mpya, walivyosinyaa baada ya kuvunjika. Wake hatasinyaa, aliapa. Asubuhi uji wa karanga, mchana wali wa nazi, jioni vitumbua na maziwa.

"Lete hivyo vikombe nioshe," mama alisema, kama alivyosema kila siku.

"Mama nawe! Watu watanielewaje? Kaa."

"Nitakaa mpaka lini? Hata makalio yamechoka."

"Kaa, mama yangu."

Suruali ikamkalisha.

Mama Shaweji, jirani wa mlango wa pili, alipokuja kumjulia hali alimminya mkono, akapiga kigelegele. "Shoga, umenenepa! Huyu mgonjwa au bi harusi?" Wakacheka wote, na Stumai akajiona amefuzu. Nani alishawahi kumtazama mtu aliyenenepa akasema hajapona? Ndivyo tunavyopima.

Siku ya mia moja na themanini muuguzi Lusajo alikuja kuichukua suruali. Ilikuwa ya zamu, na mzee mwingine aliisubiri ghorofa ya tatu. Mkononi alishika kipambanuzi, kibao chembamba kinachotenga nyama na mafuta bila kumgusa mtu kisu. Akakipitisha juu ya mapaja ya Bi Kibibi. Picha ikaelea hewani: katikati wekundu mwembamba kama utambi, pembeni njano tupu.

"Kilo ni zilezile," Lusajo alisema taratibu, "ila sizo. Mzee akivunjika nyonga, misuli huisha haraka na mafuta hukalia nafasi yake. Kilo nne za misuli zimekwenda, kilo nne za mafuta zimekuja. Mkanda haujui tofauti. Dada, mchana huwa anafanya nini?"

"Anatembea. Hatua elfu tatu kila siku."

"Hizo za suruali. Nauliza yeye." Akainama, akatazama kitufe kilichokuwa kiunoni. "Niliacha msaada robo, ajisukume mwenyewe. Nani ameufungulia wote?"

Stumai aliangalia sakafu. "Mimi, tangu siku ya pili. Alikuwa anaguna."

"Alitakiwa agune, dada."

Nyuzi zikafunguka moja moja. Suruali ikatoka, ikasimama kando.

"Simama, bibi."

Bi Kibibi alishika mikono ya kiti, akajisukuma. Aliinuka kiasi cha upana wa kiganja, akarudi. Akajaribu tena, akarudi. Mara ya tatu hakujaribu.

Suruali ikafuata njia yake mlangoni, tupu, ikielemea kushoto kidogo, Lusajo nyuma yake. Koridoni sauti ya Mama Shaweji ikasikika kutoka ndani kwake: "Bi Kibibi! Leo unatoka mwenyewe, shoga?"

Bi Kibibi alizisikiliza nyayo za suruali, mwendo wake mwenyewe, mpaka zikaishia ngazini.

"Huyo ndiye aliyepona," akasema.

Stumai hakulia. Alitafuta kilio ndani yake asikione, wala hasira. Alileta beseni la maji, akaliweka kwenye kistuli mbele ya mama, vikombe vitatu ndani, akaketi ubavuni pake.

Mama alikiinua cha kwanza. Kikamponyoka, kikazama. Mkono wa Stumai ukanyooka kumsaidia. Akaurudisha, akaukalia, mpaka ukafa ganzi.