Cheni Mpya, Meno ya Zamani

Jioni ile Spana alitumwa chumvi tu. Chumvi! Fundi baiskeli mzima, anayejitapa kwamba hata baiskeli iliyolala mtaroni miaka kumi akiigusa itaamka, katumwa dukani kama mtoto. Alikuwa anarudi kichochoroni, anapiga mluzi wake wa majivuno, aliposikia nyuma yake…

Kra… kra… tak.

Mluzi ukamfia mdomoni.

Cheni inaruka meno. Na baiskeli yenye mlio ule mtaani kwao ilikuwa moja tu, ya marehemu kaka yake, muuza mikate. Ilifungiwa stoo tangu mazishi, na ufunguo alikuwa nao yeye mfukoni.

Kra… tak.

Mlio ukampita ubavuni. Hapakuwa na mtu. Harufu ya grisi na mkate wa moto ikamgusa pua, ikaenda zake, ikakomea mlangoni kwao.

Alimkuta mama yake kibarazani, uso umekunjuka kama wa bibi harusi. Macho ya mama yalishaingia ukungu. Siku hizi aliona kwa masikio.

"Umepishana na kaka yako?" mama akanong'ona.

"Mama… kaka hayupo."

"Hayupo kwako wewe."

Spana anamtania kila mtu, hata mchimba kaburi hakumwacha. Jioni hiyo aliipeleka chumvi jikoni bila mzaha. Maana alikuwa na lake rohoni.

Siku chache kabla ya kifo chake, kaka alimletea baiskeli ile ikilalamika. Meno ya gia yalikuwa yameliwa, yamechongoka na kulala upande mmoja. Hapo kila fundi anajua: badilisha gia na cheni kwa pamoja, kwani cheni mpya haielewani na meno yaliyokwisha. Spana aliyaona. Lakini siku hiyo kulikuwa na mpira, na mpira haumsubiri mtu. Akafunga cheni peke yake, akampiga kaka yake begani. "Nenda, bwana mkubwa! Hiyo sasa ni ndege!"

Siku ya tatu, kwenye mlima wa barabara kuu, kaka alisimama juu ya pedali akaze mwendo. Cheni ikaruka. Nyuma yake kulikuwa na lori.

Spana hakumwambia mtu.

Basi mama akisikia mwanawe amerudi, Spana alisikia shtaka. Jioni ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne akashindwa, akafungua stoo.

Baiskeli ilikuwa imeegemea ukuta. Pedali zinazunguka. Polepole. Zenyewe.

Akagusa cheni. Ilikuwa ya moto.

"Kaka," akanong'ona, "nakutengenezea. Safari hii vizuri."

Kesho yake akang'oa kila kitu: krenki inayoshika pedali, gia, cheni. Akafunga vipya vitupu. Vile vya zamani akamtupia mnunua vyuma chakavu aliyekuwa anapita, hata hakungoja kupatana bei. Akazungusha pedali. Kimya, mwendo wa mafuta. Ufundi huo!

Jioni ikaingia. Mama akakaa kibarazani, ametega sikio.

Kimya.

Kimya…

"Umefanya nini, mwanangu?"

"Nimeitengeneza, mama. Haitapiga kelele tena."

"Nani alikwambia imeharibika?"

Akaketi chini. Akayatoa yote palepale, sakafuni: mpira, cheni, meno aliyoyaona akayaacha. Mama akamwacha amalize.

"Najua," akasema.

"Nani kakwambia?"

"Kaka yako mwenyewe. Kila akifika, kazi yake kukuombea. 'Mama, usimlaumu mdogo wangu.' Aliahidi leo atakusubiri, akwambie kwa mdomo wake kwamba amekusamehe." Akageuzia sikio njiani. "Sasa nitajuaje kama amefika?"

Spana alikimbia hadi kwa yule wa vyuma, viatu mkononi. Gari la chakavu lilikuwa limeshaondoka kupeleka vyuma kuyeyushwa.

Tangu siku hiyo mama hataki mlango ufungwe. Kaka asije akakuta kumefungwa, akageuza njia. Na bila mlio ule, anayeingia hajulikani ni nani. Kila jioni baiskeli inaletwa kibarazani, Spana anakaa kando yake, na mama anauliza swali lile lile. Na Spana, aliyekuwa akidanganya kwa raha, sasa anadanganya huku machozi yanamtiririka, maadamu mama hayaoni.

Jana vilevile.

"Amefika?"

Pedali hazikutikisika. Wala harufu ya mkate hakuna.

"Amefika, mama."

Mama akatabasamu. Mkono wake wa kushoto, uliokuwa mbali na Spana, ulikuwa umefumbata kitu hewani.

"Najua. Kanishika," akanong'ona. Kisha tabasamu likaanza kumtoka, taratibu…

"Lakini mbona vidole vyake leo ni vidogo hivi?"