Stendi Aliyoikalia Mzee Munga

Mkato uligunduliwa Jumatatu asubuhi, ndani ya stoo ya karakana moja ndogo huko Bombolulu. Aliyeugundua ni Bassam, mfanyabiashara wa vyombo vya muziki, aliyekuja kuona kama kuna cha kuokoa katika stendi yake iliyovunjika. Aliokota kipande cha mguu, akakigeuza, akapiga ukelele uliowafanya mafundi waache randa zao. Karibu nusu ya unene wa mguu ule, kando tu ya ulipovunjikia, ilikuwa imekatwa kwa msumeno.

"Hii si ajali!" alisema. "Hii ni hujuma, wallahi. Kuna mtu alitaka kuniaibisha."

Aibu alikuwa ameshaipata. Jumamosi, katika arusi moja kule Mkomani, stendi ile ilikuwa imebeba amplifaya kubwa na spika ya besi juu yake. Wimbo wa pili ulikuwa haujafika katikati mguu ulipovunjika. Vyombo vikaporomoka, meza ya vinywaji ikapinduka, na mwimbaji, Bi Mwanatatu, akavunjika mfupa wa wayo. Bibi arusi alilia kuliko majeruhi mwenyewe. Watu walisema ni bahati mbaya, na wangeendelea kusema hivyo lau si mkato ule.

Sajini Mwarandu aliitwa, na kufikia adhuhuri alikuwa ameshapata mtu wake. Mwarandu ni askari mwenye bidii. Tatizo ni kwamba bidii yake hufika kabla yake. Aliuliza ni nani aliyeitengeneza stendi, akaambiwa Kadenge, fundi wa karakana hiyo hiyo. Akauliza ni nani mwenye ugomvi na Bassam, akaambiwa Kadenge. Akatafuta msumeno wenye unga mpya wa mvule, mbao ya stendi ile, kwenye meno, akaukuta katika sanduku la Kadenge. Ugomvi wenyewe ulijulikana na kila mtu. Bassam alikuwa akibandika jina la duka lake kwenye stendi ambazo Kadenge alizichonga kwa mkono, na mwezi uliopita Kadenge alimwambia mbele ya watu, "Siku moja utaanguka wewe na jina lako."

Kadenge alitiwa pingu. Alitoka akichechemea, maana mguu wake wa kushoto ulidhoofishwa na polio tangu utotoni, na mkewe Velma alimfuata mpaka kwenye gari akiwa amembeba mtoto wao wa mwisho. Fundi aliyekata stendi kwa makusudi na kumvunja mtu mguu angefungwa, na hata angeachiwa, nani tena angempa mbao?

Jumatano kesi ilimfikia Inspekta Kuluthum. Mama huyu alizaliwa Mkomani, na alikuwa na desturi moja iliyowachosha wenzake: hakumkatiza mtu, hata anayedanganya. Alisema mwongo ndiye mwenye haja zaidi ya kuzungumza.

Alianzia karakanani. Mafundi walimweleza utaratibu wao, naye akausikiliza kwa furaha aliyoificha vizuri. Hapa stendi haikutoka mpaka ikaliwe. Mkaliaji alikuwa Mzee Munga, aliyekuwa kuli wa bandarini mpaka mgongo ulipomharibikia. Alikuwa pandikizi la mtu, mzito kuliko amplifaya na spika zake zote, na kazi yake, mbali na kupiga msasa na kutunza ufunguo wa stoo, ilikuwa hiyo. Stendi ikishapakwa vanishi na kukauka, Munga hupanda, huketi, na hunywa chai yake yote juu yake huku akijitikisa. Kikombe kikimalizika bila mbao kulia, stendi imefaulu. Hawakuwa na chombo kingine cha kupimia, na kwa miaka mingi hawakukihitaji.

Kuluthum alimkuta mzee uani, amevaa koti zito lililofungwa vifungo vyote. Jua lilikuwa kali, na yeye Kuluthum alikuwa akijipepea kwa ncha ya mtandio.

"Shikamoo, Mzee Munga."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kiti."

"Koti hilo, mzee, kwa joto hili?"

"Mifupa ya uzee, mwanangu. Inataka vuguvugu."

Kando yake palikuwa na jagi la maji. Alikunywa bilauri mbili kabla ya swali la kwanza. Chai ilipoletwa, aliisukuma sukari pembeni bila kuitazama.

"Nambia, mzee. Stendi hii uliikalia?"

"Niliikalia Ijumaa jioni."

"Ikawaje?"

"Ikanyamaza. Nikamaliza kikombe, nikashuka, nikamwambia Kadenge aipeleke."

"Kwa hivyo Ijumaa mguu ulikuwa mzima."

"Mzima kabisa."

"Na Jumamosi asubuhi ni nani aliyeichukua?"

"Kadenge," alisema, na alipoona neno lake limemfikisha wapi mwenzake, akaongeza haraka, "lakini Kadenge hawezi kufanya jambo lile. Andika hivyo, mwanangu. Andika kwamba Munga amesema hawezi."

Kuluthum aliandika. Mzee aliomba radhi akaenda msalani, akarudi, na kabla mazungumzo hayajaisha akaenda tena. Alipotembea alishika suruali kiunoni kwa mkono mmoja.

Bassam alihojiwa dukani kwake, na hakupenda.

"Nasikia una kontena la stendi za chuma limeingia," Kuluthum alisema. "Watu wakiziogopa za mbao, utauza."

"Ni kweli ninazo. Lakini amplifaya iliyoanguka ilikuwa yangu, na bibi arusi ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu! Niiharibu arusi ya mpwa wangu ili niuze vyuma? Dada yangu angenizika nikiwa hai."

"Vipande ulivipeleka wapi?"

"Jumamosi hiyo hiyo jioni nilimkabidhi Mzee Munga, akavifungia stoo. Jumapili nzima nilikuwa Bamburi kwa wakwe wa mpwa wangu, nikiomba msamaha. Waulize. Waliniweka kitako tangu asubuhi mpaka usiku, na chakula hawakunipa."

Uso wake ulimshawishi Kuluthum kabla hata hajawauliza wakwe. Alipowauliza, walithibitisha yote, pamoja na lile la chakula.

Kadenge alikuwa ameketi sakafuni mahabusu, mguu mbovu ameunyoosha mbele.

"Mama, mimi nikate mguu wa stendi yangu?" alisema. "Afadhali nikate wangu, tena huu mzima."

"Ulimwambia Bassam ataanguka."

"Nilisema. Nilikuwa na hasira, na hasira bado ninayo. Lakini sikukata. Stendi ilivunjikia kwenye jicho la mbao, pale tawi lilipochomoza zamani, nililiona pale pale ukumbini. Jicho lilikuwa na ufa ndani, mimi sikuuona nilipokuwa nikiranda. Jambo hilo ni kosa langu, na nilimwambia Bi Mwanatatu hivyo. Mkato sikuuona Jumamosi. Nimeusikia kwa Sajini."

"Msumeno wako una unga wa mvule."

"Jumamosi haukuwa nao. Mimi msumeno wangu huusafisha na kuupaka mafuta kila Jumamosi kabla sijafunga kazi."

"Nani amekuja kukuona?"

"Velma. Na Mzee Munga, ananiletea mahamri kila asubuhi. Ananiwekea, ananitazama, haongei. Ameumia sana, mzee wa watu."

Jambo lile la mahamri lilimkaa Kuluthum rohoni.

Nyumbani kwa Bi Mwanatatu alimkuta mgonjwa amelazwa na mguu wake umefungwa plasta, akiwaamrisha wajukuu kwa sauti ambayo ajali haikuipunguza. Kuluthum alimwomba aeleze tena namna vitu vilivyoanguka.

"Vilianguka juu yangu, mwanangu, vingeangukaje tena? Kisha meza ya sharbati nayo ikapinduka. Madebe mawili ya sharbati nyekundu! Buibui langu, zulia, nyaya, ile stendi, vyote vililowa. Waliokuja kuniinua walidhani ni damu, mmoja akazimia. Tena mwanamume."

Inspekta aliomba ruhusa haraka, akarudi kituoni, akautoa ule mguu wa stendi kwenye mfuko na kuupeleka dirishani penye mwanga. Alimwita Mwarandu.

"Sajini, tazama. Hapa ulipopasukia pana rangi gani?"

"Nyekundu, afande. Imeingia mpaka ndani ya nyuzi za mbao."

"Ni sharbati. Sasa tazama penye mkato wa msumeno."

Mwarandu aliinama, akatazama kwa muda mrefu. Mkato ulikuwa mweupe, safi. Isitoshe, ulipita katikati ya doa jekundu na kuligawa, juu kipande na chini kipande.

"Kama mkato ungekuwepo arusini," alisema polepole, "nao ungelowa."

"Ndiyo. Stendi ilivunjika yenyewe, kwenye jicho, kama Kadenge alivyosema. Msumeno umepita baadaye, sharbati ilipokwisha kukauka. Baina ya Jumamosi usiku na Jumatatu asubuhi, ndani ya stoo iliyofungwa."

Mwarandu alivua kofia. "Na ufunguo wa stoo ni mmoja."

"Ni mmoja. Lakini mimi sijui sababu yake tu, Sajini. Hakuna anayemchukia mtu akampelekea mahamri." Akakumbuka jagi la maji, sukari iliyosukumwa, safari za msalani, mkono ulioshika suruali. Marehemu baba yake alikuwa hivyo hivyo mwaka aliogundulika kuwa na ugonjwa wa sukari. Kisha akalikumbuka na lile koti. "Niazimie mizani kwa muuza chuma chakavu," alisema, na sauti yake haikuwa na furaha hata kidogo.

Alhamisi asubuhi waliokutana karakanani walikuwa wachache: Bassam, Velma, Mwarandu, mafundi, na Kadenge aliyeletwa kutoka kituoni bila pingu. Mizani ilikuwa imewekwa katikati ya uwanja. Kuluthum aliwaonyesha doa na mkato, akawaeleza taratibu mpaka kila mmoja akaelewa. Macho yalianza kumwelekea mwenye ufunguo.

Kuluthum aliwaacha, akamsogelea mzee na kuongea naye kwa sauti ya chini.

"Mzee Munga, sitaki kukulazimisha mbele ya watu. Ukipenda tuingie ndani. Lakini nitakuomba uvue koti upande mizani."

Mzee aliitazama ile mizani, kisha akamtazama Kadenge.

"Hapa hapa," alisema. "Huyu amekaa ndani kwa ajili yangu. Wacha aone."

Alifungua vifungo kimoja kimoja. Chini ya koti palikuwa na sweta, chini ya sweta mashati mawili, na chini ya yote mtu mwembamba ambaye hakuna aliyekuwa amemwona. Velma aliguta. Munga alipanda, sindano ikasogea, ikasimama chini sana ya pale kila mtu alipotarajia. Kadenge mwenyewe, na mguu wake uliodhoofika, angemzidi.

"Tangu mwaka jana ninakonda," Munga alisema. "Ninakula, sishibi. Ninakunywa maji, kiu haikatiki. Nikajua nina maradhi, hospitali nikaogopa, na ninyi nikawaogopa zaidi. Mgongo huu hauwezi kubeba, mikono hii haijui kuchonga. Hapa nilikuwa nikipewa riziki kwa sababu ni mzito. Nikikonda, mimi ni nani tena hapa?"

"Ijumaa uliikalia stendi ukiwa hivi," Kuluthum alisema.

"Niliikalia, ikanyamaza. Nikafurahi, kumbe haikunihisi. Zamani ningeivunja papo hapo, tungecheka, Kadenge angetia mguu mwingine. Jumamosi Bassam aliponiletea vipande nikaliona lile jicho, nikajua ni mimi. Jumapili nikachukua msumeno uliokuwa karibu, nikakata. Nilitaka waseme ni adui wa Bassam, mtu asiyejulikana. Mungu wangu, sikufikiri kwamba msumeno una mwenyewe."

"Na alipokamatwa?" Mwarandu aliuliza.

"Kila asubuhi nilikwenda nikitaka kusema. Nikimtazama, mdomo haufunguki. Nikaacha mahamri nikarudi."

Bassam, ambaye kwa kawaida hakosi neno, alijishughulisha na kifungo cha shati lake. Kuluthum alimweleza mzee kwamba itabidi aende kituoni kuandika maelezo, maana kuharibu ushahidi ni kosa, na kwamba kabla ya kituo watapitia zahanati. Kisha akamgeukia fundi.

"Kadenge, wewe uko huru. Una neno?"

Kadenge alimsogelea mzee mpaka wakakaribiana, na Mwarandu akajiandaa kuingilia kati.

"Mzee, kiwanda cha saruji hakiko mbali na hapa," Kadenge alisema. "Bamburi iko pale! Ungenambia neno moja tu, ningekupakatisha mfuko wa saruji. Ungekaa juu ya stendi na mfuko wako mapajani, unywe chai yako, ujitikise. Kazi ingekuwa ile ile. Nani angekufukuza?"

Machozi yalimshuka Munga, wala hakuyafuta. Mwaka mzima alikuwa amebeba koti na sweta juani, na dawa ya shida yake ilikuwa jambo ambalo fundi mwenzake alilifikiri papo hapo akiwa amekasirika.

"Nisamehe, mwanangu."

"Leo siwezi," Kadenge alisema, akianza kulia. "Nimelala sakafuni, mke wangu ametukanwa sokoni, na wewe ulikuwa ukinitazama nikila. Siwezi. Nenda ukapate dawa, upone. Nina hasira na wewe, nami siwezi kumkasirikia mgonjwa. Ukipata nguvu, rudi hapa tugombane kama watu."

"Nitarudi," mzee alisema.

Sajini Mwarandu alimshika mkono taratibu kuelekea garini. Walipofika getini suruali ilimtelemka mzee, na Kadenge, huku bado akilia kwa hasira, alivua mkanda wake akachechemea kumfuata.