Mikono ya Mzee Boudreau

"Huyo kijana wako anakusikiliza wewe, au anasikiliza maneno?"

Bi Haddow, mjane wa mlango wa pili, alimwuliza Corinne swali hilo wakingoja lifti, mkononi ameshika mfuko wa matufaha. Corinne alicheka tu. Mtu akishapenda, masikio yake huenda likizo.

Yeye na kijana huyo walikutana kwenye njia za chini ya ardhi, katikati ya Toronto, saa ya chakula cha mchana, watu wa maofisini wakisukumana kwenye foleni za supu. Corinne alikuwa na koti la sufu la zambarau, theluji ikimyeyukia mabegani. Mwuzaji alikosea, akampa supu yake ya dengu kijana mrefu aliyekuwa mbele, tai ameitupia begani isiguse mchuzi.

"Samahani dada, nimeshaonja," alisema. "Nitakununulia nyingine, ila uilipie kwa jina lako."

"Jina langu ni ghali kuliko supu."

"Basi nitalipa kwa awamu."

Jina lake yeye ni Gareth. Kumbe wote wawili walikuwa wachambuzi wa hisa katika kampuni moja ya uwekezaji, ila ghorofa tofauti. Tangu siku hiyo simu hazikukatika. Asubuhi atamwuliza amevaa nini, jioni atamtania kwamba anazijua hisa za watu wote ila hisia zake mwenyewe.

Corinne alikuwa na ndoto moja tu: kuwa msimamizi wa mfuko wa uwekezaji, akabidhiwe akiba za uzeeni za watu kama baba yake, aliyepasua samaki kiwandani kule New Brunswick mpaka mgongo ukapinda. Na sasa kiti kilikuwa wazi. Gareth alisema yeye hakitaki, anamtaka anayekitaka.

Kukipata kulikuwa na njia moja. Mwombaji husimama mbele ya kamati na kutetea kampuni moja anayoona inafaa kununuliwa. Kisha husimama mpinzani, mwenzao aliyeteuliwa kuibomoa hoja hiyo, na jina lake hufichwa hadi siku ya kikao. Corinne alichagua kampuni ya maghala ya baridi ya Mzee Boudreau, kule kwao.

Jumapili, alipotoka kanisani, alimkuta Gareth jikoni kwake, aproni kiunoni, anakata vitunguu.

"Laazizi, na wewe mwenyewe unaogopa nini kwenye hoja yako? Niambie mimi, si kamati."

Akamwambia. Alipokwenda kumwona Mzee Boudreau, mikono ya mzee ilitetemeka hata kahawa ikajaa kisahani, na kampuni nzima imemwegemea yeye. Hakuliandika jambo hilo. Hakuwa na hakika, tena aliona haya kuugeuza ugonjwa wa mtu mzima kuwa hoja. Gareth alimfuta machozi ya kitunguu kwa nyuma ya mkono.

"Limeishia hapa hapa jikoni," akasema.

Jumatatu, siku ya kikao, Corinne alivaa gauni la bluu iliyoiva na hereni za lulu za mama yake. Alizungumza vizuri, hata wagumu wa kamati walitikisa vichwa kwa kukubali. Kisha mkuu wao, Bwana Whitcombe, akamwita mpinzani.

Akasimama Gareth. Hakumtazama.

"Mwenzetu ametueleza maghala," alisema taratibu. "Hajatueleza mikono ya mwenye maghala."

Akaeleza yote, hata kisahani. Bwana Whitcombe akamwuliza Corinne kama alilijua. Corinne hakuweza kusema uongo, akakiri. Katika kazi ile kukosea husamehewa. Kuficha, hapana. Kamati ilipendezwa na mpinzani, na kabla ya wiki kwisha kiti kilikwenda kwa Gareth, aliyesema hakitaki.

Gareth alimpigia simu, ikaita mpaka ikanyamaza. Akapiga tena, na tena. Corinne alisali, akajilaumu pia, kwani kweli alificha. Mwishowe akapokea, akakubali waonane pale pale penye supu. Alikwenda akiwa ameshasamehe nusu.

Gareth alikuja na suti mpya, harufu ya manukato ikimtangulia.

"Ile ilikuwa kazi, mpenzi. Ungesimama wewe, ungefanya vivyo hivyo. Na kiti si changu peke yangu, ni chetu." Akafungua kikasha kidogo, pete ndani. "Nimekuja kulipa awamu ya mwisho."

Ilikuwa pete ileile ambayo Corinne aliwahi kumwonyesha dirishani mwa duka. Moyo wake ulilegea. Alinyoosha mkono, kisha akausimamisha hewani.

"Nikuulize moja tu, Gareth. Uliambiwa lini kwamba mpinzani ni wewe?"

Gareth alikoroga supu isiyohitaji kukorogwa.

"Ijumaa," akasema.

Na vitunguu vilikatwa Jumapili.

Corinne alikifunga kikasha polepole, akakisogeza hadi kando ya bakuli la Gareth. Akavaa koti la zambarau, akafunga vifungo vyote mpaka shingoni, akatoka.